Ua Linalotaka Mtu Ainame

Makindu, mwezi wa kumi

Mama Mwende,

Kwa heshima na taadhima nawatangazia nyote hapo nyumbani, pamoja na mbuzi: mti wa meneja umetoa maua.

Hujambo wewe? Mwende ameacha kukohoa? Na mama, goti linamruhusu kufika kanisani ama bado anaimbia kitandani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechoka.

Unajua huyu meneja wetu wa nyumba ya wageni alileta mti mfupi kutoka Nairobi ndani ya kopo, akaupanda mbele ya mlango. Nilipoomba likizo nije tulime kabla ya mvua za Novemba, maana mjomba hatatungojea na plau yake, alinijibu, "Mutua, siku nitaona maua hapa, siku hiyo utaenda."

Basi nikawa mtumwa wa mti. Kila jioni naumwagia debe zima, na nikimwaga nakufikiria wewe kwenye njia ya mtoni, mtungi mgongoni. Huku hata vichaka vya miiba vimekauka. Huo peke yake unang'aa kama haujaambiwa habari za kiangazi. Lakini maua, wapi! Na mpishi wetu Kalondu anaanika taulo za wageni juu yake. Nikimkataza ananiambia, "Baba, mti bila kazi ni wa nini? Wacha unisaidie."

Juzi nikiziondoa hizo taulo nikasikia harufu tamu, kidogo tu, ya kukufanya ugeuze shingo. Nikafunua majani. Maua yalikuwa huko chini, meupe, madogo kama punje za kunde, yameinamisha vichwa kama wasichana mbele ya wakwe. Yalianza lini, sijui. Nikamwita meneja.

"Wapi?"

"Chini ya majani, Bwana. Uiname kidogo."

"Mimi niinamie mti?"

"Inama tu, mzee," Kalondu akasema, "hakuna mtu anaangalia."

Jikoni wote walikuwa dirishani.

Akainama, tumbo likimtangulia. "Hii ndiyo nimengojea? Hii hata nyuki hawezi kuona."

"Ameiona, Bwana. Yuko hapo kwa sikio lako."

Akasimama upesi kuliko alivyoinama. Akasema atafikiria.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mti wenyewe ni mzuri. Nikimaliza kazi naenda kuinama pale peke yangu, halafu nakasirika. Ningependa uuone, wewe ambaye vitu vidogo havikupiti.

Mshikilie mjomba na plau yake, hata kwa maneno matamu. Msalimu kwanza, ndipo uombe. Nisalimie mama, na dada yangu mshonaji wa pale sokoni.

Ni mimi wako, ninayenuka taulo za watu,
Baba Mwende

Nilikuwa nishafunga bahasha, nimeifungua tena. Meneja ametia sahihi likizo yangu. Ni ya Januari.