Matundu Sita Niliyoyatoboa

Jumatatu, 3 Juni
Leo zimefika bastola tatu, kila moja imelazwa kwenye sponji kama yai. Kampuni inataka aina moja ya kuwapa walinzi wote. Wiki hii zitapigwa hapa uwanjani kwetu zilinganishwe: ipi inapiga teke kidogo, ipi inapeleka risasi unakotaka.

Kazi yangu ni ile ile ya miaka kumi na moja. Nakaa kwenye shimo la zege chini ya shabaha. Wakimaliza kupiga nateremsha fremu, nahesabu matundu, napaza sauti nisikike, nabandika vikaratasi kwa gundi, napandisha. Mzee Gundi, ndivyo wanavyoniita. Darasa la nne na kopo la gundi — nimefika mbali.

Nimezipa majina. Ile nzito ya chuma ni Bibi Mnene. Ile ya kizamani, ya kuzungusha risasi sita, ni Babu. Ile ndogo ya plastiki, inayopotea kiganjani, ni Kibiriti.

Mkufunzi kanipa Kibiriti nipige moja, wapate kucheka. Teke lilipanda mpaka kwenye kiwiko. Kofia ikaanguka. Risasi sijui ilielekea nchi gani. Nikawaambia nililenga kofia. Walicheka sana.

Wanaopiga ni walinzi wanne. Mmoja ni mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Bosi ametangaza kwamba atakayekuwa wa mwisho atarudisha sare. Na binti yangu ana mimba ya miezi saba.

Jumanne, 4 Juni
Risasi kumi kila mtu, hatua kumi na tano.

Bibi Mnene ana adabu. Uzito wake unameza teke lote, anarudi kiganjani taratibu kama mtu anayekaa kitini. Karibu wote walipata nane. Mkwe saba. Nikapumua.

Babu ana kifyatulio kigumu. Ukikivuta, bastola yote inakufuata kulia. Hakuna aliyezidi saba. Mkwe tano.

Mkufunzi alimfanyia mkwe ujanja. Akamchanganyia ganda tupu katikati ya risasi nzima, bila kumwambia. Alipofika kwenye ganda, hakuna mlio wala teke — lakini mdomo wa bastola ukainama kama mbuzi anayekunywa maji. Mkufunzi akamwambia, unaona? Unaogopa teke kabla halijaja. Na macho unafumba.

Mkwe akasema jua lilikuwa linamchoma machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Jumatano, 5 Juni
Zamu ya Kibiriti. Ni kijishetani. Teke lake ni la ghafla, linaruka mkononi kama panya aliyeshikwa mkia, na kwa kuwa mtutu ni mfupi, ukikosea kulenga kidogo kule mbele unakosea sana. Wa kwanza kapata tano. Wa pili sita. Mlinzi mrefu, yule tunayemwita Mlingoti, nne.

Nikateremsha fremu ya mkwe. Mbili.

Nilikuwa peke yangu shimoni. Penseli iko sikioni. Nikajumlisha kichwani alama za bastola zote tatu: matundu matano yangemvusha juu ya Mlingoti. Nikatoboa. Ukiizungusha penseli kidogo, tundu linaenea vizuri, na risasi ya penseli inaacha duara jeusi pembeni kama risasi ya kweli. Fundi wa gundi hajui karatasi? Nilipofika la tano nikaona linapendeza, nikaongeza la sita la kunogesha.

Nikapaza sauti: nane!

Huko juu wakapiga makofi. Nikacheka peke yangu mle shimoni mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nimeishika ile fremu.

Alhamisi, 6 Juni
Leo hakuna upigaji. Chai imenishinda.

Ijumaa, 7 Juni
Bosi kasoma matokeo. Kibiriti ndiyo imechaguliwa! Anasema nzito inawachosha walinzi kiunoni, na kama huyu mwenye mkono dhaifu — akamwonyesha mkwe wangu kwa kidole — kapata nane kwa ndogo, basi yeyote atapata. Bastola ya mtu wa kawaida, ndivyo alivyoiita. Mkufunzi akakuna kichwa, akaomba wapige upya. Bosi akasema Jumatatu watu wa benki wanakuja, watajionea wenyewe. Mkwe ndiye atakayewapigia. Na ndiye atakayesimama na Kibiriti kwenye mlango wa benki yao.

Naujua mlango huo. Foleni inaanzia ndani, inapita ukutani, inakutana na watoto wanaotoka shule. Wazee wa pensheni wamekaa ngazini. Mama Watoto huwa anakaa ngazi ya tatu, kwa sababu ya goti. Risasi nane kati ya kumi za mkwe wangu haziendi zinakotumwa. Zinakwenda wapi? Tangu mchana nahesabu watu wa ile foleni kichwani.

Mlingoti kaikunja sare yake vizuri kabisa, mikono ndani, kola juu. Alikuja shimoni kuniaga. Kasema, Mzee Gundi, wewe angalau ulinihesabia kwa haki.

Nikamwambia aende salama.

Jumamosi, 8 Juni
Mkwe amekuja nyumbani na binti yangu. Nilidhani anakuja kuniuliza, maana mtu anajua alichopiga. Hajui! Anaamini. Kashika kijiko mezani, anamwonyesha mkewe jinsi ya kusimama.

"Baba, hii ndogo imeumbwa kwa mkono wangu," kasema. "Ile kubwa ilikuwa inanizuia tu."

"Ulipokuwa unapiga, macho ulifumba?"

"Mimi? Nilikuwa naziona risasi zinavyoingia, Baba."

Binti yangu kacheka, kamwambia, sogeza kijiko hicho, usije ukatoboa sufuria. Nami nikacheka.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwambia Mama Watoto yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Kaniuliza, hayo matundu ulitoboa ukiwa unawaza nini? Nikasema nilikuwa namuwaza mtoto wetu. Kasema, sita?

Kasema kesho ukaseme. Nikamwambia watanifukuza, na mkwe pia. Kasema, mkifukuzwa mtakula hapa hapa, sufuria ni ile ile. Lakini mimi ngazi ile sikai tena.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi nilimfuata mkufunzi stoo. Nikamwambia wazi: yale matundu sita ni yangu, niliyatoboa kwa penseli. Kacheka mpaka kaegemea kabati. Kasema, Mzee Gundi, mwaka jana ulisema kenge amekula shabaha, tukamtafuta nusu siku. Nikaapa. Akazidi kucheka, kasema nawe una wivu na mkwe wako. Gari la wageni likaingia, akakimbia kufunga kola.

Nilimfuata Bosi. Akanipungia mkono niende shimoni.

Sasa niko shimoni. Naandika kwenye goti, herufi zinaruka. Bendera nyekundu bado iko juu, siruhusiwi kutoka. Mkwe alifyatua risasi nane, kisha Kibiriti ikakwama na risasi tumboni. Namsikia mkufunzi akimwambia hukuikaza mkononi, ndiyo maana. Shikilia, mdomo uelekee mbele! Na huko mbele niko mimi.

Moja ya zile nane imegonga ukingo wa zege juu ya kichwa changu. Vumbi limejaa kopo la gundi. Miaka kumi na moja sijawahi kulamba vumbi hili.

Karatasi naiona kutoka hapa chini. Mbili tu, na moja kati ya hizo iko pembeni kabisa.

Mkufunzi kaitoa ile risasi, nimesikia imeanguka chini. Bosi anawaambia wageni hitilafu ndogo, hesabu itawaonyesha. Mkwe anacheka na mtu wa benki, anamwambia aliyeko kule shimoni ni baba yangu, jicho lake halikosei.

Bendera nyeupe imepanda.

"Mzee! Ngapi?"

Fremu nimeshaiteremsha, iko mbele yangu. Wameita mara ya pili. Mkufunzi sauti yake haicheki sasa. Nimesimama, nimeshika ukingo, mdomo nimeufungua niseme: mbili.