Profesa Aingia Chumba Sicho

Shoga, uko wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Si unajua leo mdogo wangu, yule tunayemtania Profesa, alikuwa na usaili chuoni? Ile nafasi ya mtafiti chipukizi, ya kuchunguza pengo kati ya matajiri na maskini. Basi kaingia chumba sicho. Kaingia kwa wanaoomba kazi ya usafi!

Wakamuuliza, "Uzoefu unao?" Akajibu kwa madaha, "Nimepita nyumba kwa nyumba, za matajiri na za maskini." Alikuwa anazungumzia madodoso yake ya utafiti, shoga! Wao wakafurahi, wakamkabidhi ufagio.

Hapo ndipo akashtuka. Kakimbilia chumba cha pili, jasho linamtiririka. Wakamuuliza angependa kuchunguza nini. Kwa kiwewe akaropoka, "Kwa nini huku mmetupa viti na maji, na wale wa usafi wamesimama koridoni?"

Akajua nafasi imeota mbawa. Kumbe mwenyekiti wa jopo anatabasamu. "Swali hilo njoo ulifanyie kazi hapa."

Amepata, shoga! Mtoto amepata!

Ngoja, yuko hapa kando yangu, simu yake inalia.

Siamini. Ni wale wa usafi. Wanamtaka Jumatatu alfajiri!