Mashavu ya Athumani

Bondeni, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakushika mkono kutoka huku, na kabla ya yote naliulizia goti lako: bado linagoma asubuhi? Na mvua je, imefika huko Kinango au imeishia njiani tena? Sisi tu wazima. Neno hilo leo naliandika kwa haki, maana mwezi uliopita nililisema kwa simu nikawa nakudanganya.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu yenu haina siri. Kaka Bakari huiweka spika, boma zima likakaa kusikiliza kama taarifa ya habari. Haya ninayoyasema nayaonea haya hata mbele ya karatasi. Wewe kusoma wajua, alhamdulillahi, kwa ile ngumbaru uliyoihudhuria na jembe begani. Basi soma peke yako kwanza.

Unaikumbuka picha ya Idd niliyokutumia kwa simu, Athumani na kanzu nyeupe, mashavu yamejaa hadi macho yamekuwa madogo? Nilikuandikia, "Mjukuu wako kanona, mashallah." Ukaenda kuitoa studio, ukaitundika ukutani. Ukamwita wifi yangu Mejumaa aitazame, ukamwambia, "Mwone mwenzio anavyolea. Wako mwembamba kama mwiko." Ulinisimulia hayo nami nikacheka. Nilicheka sana, mama.

Athumani hakuwa amenona. Alikuwa amefura.

Kazi yangu unaijua: mbaazi za nazi na mahamri, nawauzia makarani na wapakuzi langoni mwa bandari, Kilindini. Nilipomwachisha ziwa ili niwahi lango, nilikuwa namwacha kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, na chai ya rangi na mahamri mawili. Mbaazi sikumwachia. Mbaazi zilikuwa za wateja. Kila siku sufuria nzima ilipita mbele ya mwanangu, nami naifunika asije akatia mkono. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Aliyeona ni Bi Zuhura. "Mwana aliyenona huteza," aliniambia. "Huyu wako yuwakaa tu kama mgeni angojaye chai. Na nyele zake zimekuwa nyekundu. Mpeleke akatazamwe."

Nilimjibu kwa ukali kwamba ni jua. Kweli ni kwamba niliogopa, mama. Niliogopa lile neno, kubemenda. Watu wangesema mimi au baba yake, anayeshinda njiani na lori, tumetoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado ananyonya, ndipo akaharibika. Kwa hiyo nikamvalisha soksi, miguu isionekane. Joto la Mombasa unalijua, na mwanangu wiki mbili nzima na soksi! Mficha maradhi, kilio humfichua, nami kilio nilikuwa nakikaribisha ndani. Siku moja nilipomvua, nikaona mpira wa soksi umezama mguuni kama uzi kwenye unga uliokandwa. Nikambeba mbio hadi kliniki, mbaazi nikaziacha jikoni.

Muuguzi, mama wa makamo, alimbonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pakabaki shimo. Hata sijaulizwa nikaanza kuapa kwamba mimi na mume wangu ni waaminifu.

"Mimi sikuulizi mumelala wapi, mamangu," akasema. "Nakuuliza mwana amekula nini."

Nikataja. Chai. Mahamri. Chai. Sikufika mbali, nililia mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye mabenchi.

Akanieleza kuwa ni utapiamlo: mtoto asipopata chakula cha kujenga mwili, hufura maji. Walimwonjesha chakula cha dawa, karanga zilizosagwa na maziwa, ndani ya pakiti. Akala yote. Kwa kuwa homa hana na hamu ya kula anayo, hawakumlaza. Zamani, alisema muuguzi, tungekaa wodini majuma kadhaa. Siku hizi mtoto kama yeye hutibiwa nyumbani na kurudi kila wiki kupimwa. Mimi mwenyewe nimefundishwa kumbonyeza miguu na kumpima mkono kwa utepe wa rangi tatu.

Wiki ya kwanza mizani ikashuka. Niliomba apimwe tena, lakini muuguzi alikuwa akicheka. "Ni maji hayo yanatoka," akasema. "Sasa ndio tutamjua mwanao."

Tumemjua. Ana uso mwembamba na masikio ya marehemu baba. Jana amemfukuza paka wa Bi Zuhura hadi uani. Na bakuli la kwanza la mbaazi ni lake, wateja wasubiri.

Ndani ya bahasha kuna utepe, niliuomba kliniki. Mpime mtoto wa Mejumaa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukiona manjano au nyekundu, msingoje, mpelekeni kliniki. Hata ukiona kijani, mbonyeze miguu yote miwili; pakibaki shimo, mpelekeni vilevile. Na Mejumaa umwambie mimi niliyecheka naomba radhi. Kisha wewe nawe, mama, umwombe yako.

Nisalimie kaka Bakari, na shangazi aliyenifunza kukanda mahamri. Bi Zuhura anakusalimu.

Picha ile ya Idd ishushe. Nimekuwekea nyingine ya juzi: amekonda, na hana soksi. Itundike palepale. Wakikuuliza yule mnono yuko wapi, waambie yule hakuwa mjukuu wako. Yalikuwa maji.

Mwanao mwenye haya,
Mwanamisi