Masikio ya Shemeji

Shosti, acha kila kitu usome. Nimetoka mazoezi ya kwaya sasa hivi.

Si unamjua shemeji yangu mpiga kinanda, yule anayetambua noti kwa kusikia tu? Leo alimkatiza dada akiimba, mara tatu, mbele ya kwaya nzima. "Umeshuka sauti! Ng'ombe anaimba kuliko wewe!" Dada akamjibu, "Baba watoto, niko sawasawa."

Shemeji akabonyeza kinanda ili amuumbue. Akaganda. Nacho alikisikia kimeshuka! Kinanda cha umeme, shosti, kitashukaje? Hapo ndipo alipojua tatizo ni masikio yake.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe tangu aanze vidonge vipya vya kifafa, kila sauti inamfikia ikiwa chini kidogo. Daktari alishamwambia dawa ikimletea shida inaweza kubadilishwa. Akaomba tumvumilie tu mpaka ibadilishwe.

Mwalimu wa kwaya akacheka. Akamwambia, narudia neno kwa neno: "Afadhali ulipokuwa unaanguka. Ulikuwa ukiinuka unapiga vizuri."

Ukiinuka unapiga vizuri! Mbele ya watu wazima!

Na watu wakacheka. Shemeji akamgeukia dada, macho yanamwomba amtetee kwa neno moja tu. Dada akamkazia macho, akasema, "Mwalimu hajakosea. Tuanze upya, bila kinanda."

Shemeji akachukua koti lake akatoka. Hakuna aliyemfuata, hata mimi.

Na tuliimba vizuri, shosti. Vizuri kuliko siku zote.