Hua Niliyemchelewa

Xiaobei, Guangzhou
Ijumaa, baada ya alasiri

Kaka yangu Idrisa,

Nimemlisha Baba kibudu. Na Mama pia. Hakuna anayejua, sijamwambia mtu yeyote, na wewe ndiye wa kwanza.

Nimeliandika hilo juu kwa makusudi, maana najijua. Nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, mwisho niseme sote wazima na nitie jina langu. Sasa limeshatoka. Shikamoo kaka. Hujambo? Bibi miguu yake inaendeleaje, na wifi yangu ameshajifungua au bado mnahesabu siku? Huku tu wazima wa afya, ila baridi. Asubuhi nikitia udhu maji yanauma mpaka kwenye mifupa, na Mama ameanza kuvaa soksi ndani ya kandambili. Usimcheke.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni moja na Mama husikiliza kila kinachoingia na kutoka. Bi Mwanaidi wa ghorofa ya chini anasafiri Jumatatu, ndiye atakayekuletea.

Tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne na kuja huku, kazi yangu ni kumtafsiria Baba akinunua mizigo. Kichina chake ni kile cha sokoni, bei na "meiyou", yaani hakuna. Ila kila penye jambo refu wenye maduka hutafuta kijana wao anayejua Kiingereza, na Baba hunisukuma mimi mbele. Unanijua nilivyo. Nasimama, maneno yote ninayo kichwani, lakini mdomo haufunguki. "Sema, Zuhura, sauti umeiacha Unguja?" Watu wanacheka. Mara mbili amepata mzigo wenye rangi siyo kwa sababu niliona aibu kuuliza tena. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na hilo lilinichoma zaidi.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulikwenda Shiling, nje ya mji kunakoshonwa mikoba, kuchukua mzigo. Baba alikuwa amefunga, unajua Alhamisi zake. Tulipofika, laoban, ndivyo wanavyomwita bosi, akasema zipu hazijamalizika, tusubiri mpaka jioni. Ana binti wa umri wangu, A-Ling, anayesoma Kiingereza shuleni. Akaniona nimejikunja kwenye kiti, akaniambia, "Unapenda kukaa na gundi? Twende nje." Baba akasema nenda.

Nyuma ya karakana kuna shamba la babu yake. Mpunga ulikwishavunwa, yamebaki mashina makavu na punje zilizomwagika, na hua wamejaa. Hua hasa, kama wetu, wenye madoadoa shingoni. A-Ling akatoa manati mfukoni. Si ya mti na mpira wa baiskeli kama zako. Ya chuma, na risasi zake ni vidonge vya udongo uliokaushwa.

Nilicheka peke yangu, nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia. "Wewe Zuhura, hata embe likikuning'inia puani hulipati." Miaka yote ile nilikuwa nawabebea mawe tu, wewe na wenzako, na manati hamkunipa hata siku moja.

Tukajificha nyuma ya rundo la majani ya mpunga. Kwanza akanivua mtandio wangu wa njano, akanifunga skafu yake ya kijivu, kwa sababu wanaona rangi. Akasimamisha hua wawili wa plastiki kwenye mashina, vichwa vikielekea upepo unakotoka, akasema wanaposhuka hushuka hivyo hivyo. "Usiinue uso. Wangu mimi ndio mbaya, mweupe, wanauona toka barabarani. Wewe umejaliwa." Tena akasema nisipige anapotua, anakuwa macho. Nimwache ale, asahau.

Kidonge cha kwanza nilijipiga kidole gumba. Cha pili kilianguka miguuni pangu. A-Ling alicheka mpaka akalala kwenye majani, na mimi nikacheka, Idrisa, kwa sauti, mwezi mzima sijacheka hivyo. Sijui nilirusha vingapi. Wakiruka tunangoja, wanarudi, nakosa, wanaruka.

Halafu nikampata mmoja. Nilisikia kabla sijaona, kama mtu kapiga mto. Akalala ubavu, bawa moja likapapatika, na ng'ambo ya shamba nikasikia sauti ya Baba.

"Mwahi! Zuhura, mwahi!"

Alikuwa amekuja kunitafuta. Ametoka mbio juu ya mashina, kanzu kaikunja mkononi, anacheka. Baba anakimbia! Na mimi ndipo nilipokumbuka. Nyinyi mlikuwa mnakimbia na kisu mkononi tayari, mumuwahi kumchinja angali hai, hata kabla jiwe halijafika. Mimi sikuwa hata na sindano. Sikuchukua kwa sababu sikudhani nitampata.

Nikamfikia. Nikamwomba A-Ling chochote chenye makali, akapekua mifuko, wa kwanza, wa pili, akatoa wembe wa kukatia nyuzi za mikoba. Wakati huo bawa lilikwisha kutulia. Kichwa kilining'inia kwenye kiganja changu, jicho limefumba nusu. Nikamgusa jicho, halikupepesa. Nikapuliza manyoya ya kifuani, hakuna kitu. Nikasema bismillahi, nikakata. Ilitoka damu nzito, matone mawili au matatu, na mguu haukurusha hata kidogo. Nilijua. Nataka uelewe kwamba nilijua pale pale, sikuwa na shaka.

A-Ling akaniuliza kwa Kiingereza, "Mbona unamkata? Si ameshakufa?"

Baba akawa amefika, anahema. "Anasemaje?"

Kaka, Baba hufuata maneno yangu kama kipofu anavyofuata ukuta. Nikimwambia wamesema kesho, anaondoka. Nikimwambia wamesema ngozi, analipa bei ya ngozi. Alikuwa amesimama mbele yangu na uso ambao sijawahi kuuona ukinitazama mimi, ule ambao huwa ni wako.

Nikasema, "Anasema nimemuwahi."

"Allahu akbar!" Akanipiga bega. "Kumbe bingwa yuko huku, yule wa Unguja mjigambaji tu!"

A-Ling akatabasamu, akidhani tunasifiana kulenga. Akaninong'oneza nisiweke picha mtandaoni, ndege wa porini hapa hawaruhusiwi kupigwa. Kumbe hata hilo. Nikaitikia kwa kichwa.

Njiani kwenye basi nilitaka kusema. Nilikuwa na saa nzima na nusu. Baba alimshika yule hua ndani ya mfuko mapajani kama mtu aliyebeba mayai, akampigia Mama kumwambia atayarishe tui.

Baba huyu, unamjua. Akienda Shiling hubeba kopo lake la wali na mayai. Laoban akimkaribisha, anasema tumbo linamuuma, miaka yote hii tumbo linamuuma. Mara moja walimwapia kwamba ni kuku, akala wali mtupu na chumvi. Miaka yote hiyo katika mji huu nyama ya mashaka haijapita kooni kwake. Imepita kwa mkono wangu, na siku ya funga.

Mama alimpika na viazi, akakamulia ndimu. Baba akafungua kwa tende, kisha akanyoosha mkono, akachukua kidari na kukiweka kwenye sahani yangu. "Cha mwindaji." Nikasema tumbo linaniuma. Kwa neno lake mwenyewe! Nikala mkate. Kidari akakila Mama, naye Baba akafyonza mifupa na kusema ladha ya nyumbani imemrudia.

Mimi sikula. Hapo ndipo ninapojichukia, kuliko uongo wenyewe. Nilijua vya kutosha kujiokoa mimi, nikakaa kuwatazama.

Najua utaniambia asiyejua hana dhambi, wao ni wasafi mbele ya Mungu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni kwenye Kurani, nami nimejisomea hivyo kila usiku. Basi dhambi ni yangu, nitaibeba. Lakini jana amerudi kutoka dukani na kisu kidogo cha kukunja, kipya, mpini wa mfupa. "Siku nyingine usikimbilie wembe wa watu." Na kesho tunakwenda tena Shiling kuchukua mikoba iliyobaki, na amekwisha kumwalika Mzee Salum, jirani yetu, na mkewe waje kula hua jioni. Anawaambia watu msikitini kwamba binti yake anachinja. Siku hizi hata hanisukumi mbele, ananiuliza, "Mwanangu, tusemeje?" nami nasema, na sauti inatoka. Nimeipata sauti, kaka, na nimeipata kwa uongo. Nikisema kweli nitarudi kuwa yule wa kujificha nyuma ya mgongo wake, na hatoniamini tena hata nikimtafsiria bei ya uzi.

Nilitaka nikuulize wewe nifanye nini. Lakini barua itafika wiki ijayo na Shiling ni kesho.

Nisalimie Bibi, mwambie mafuta ya mkaratusi nimeyapata, nitampa Bi Mwanaidi. Msalimie wifi na huyo anayekuja. Shangazi Time msalimie, na mwalimu wangu wa chuo, ila yeye usimsomee.

Baba ametoka sebuleni. Najua ni yeye, huburuta mguu wa kushoto, na anakohoa kwanza kabla hajabisha hodi. Tangu alasiri kila nikisikia mtu naitia karatasi chini ya mto, imekunjika pembe zote, utanisamehe. Sasa amesimama mlangoni. Ananiita.

Karatasi hii siitii tena chini ya mto. Nitaiacha hapa juu ya meza, nimwambie aketi, nimsomee mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, nisimpunguzie kitu. Ikikufikia, ujue ameshaisikia.

Mdogo wako,
Zuhura