Kadi ya Kumnyamazisha Deus

Sumbawanga, Alhamisi

Nitoke Shinyanga nije kubeba magunia huku, halafu nichekwe chumbani kwangu mwenyewe! Jumapili tukicheza gemu ya mpira, kompyuta iliganda nikiwa nimebaki na kipa tu. Picha ilipoamka, mpira alikuwa nao Deus, mpima magunia wa godauni. Akanifunga, akawageukia makuli wenzangu: "Hii ya Msukuma ni gemu au picha za mnato?"

Leo nimenunua kadi ya picha, ile ya kuifanya kompyuta isigande. Niliitamani kubwa yenye feni mbili. Fundi akakataa: "Kaka, umeme wa kompyuta yako hautaibeba. Chukua hii ndogo, mtumba."

Nimeifunga. Gemu haigandi tena. Vumbi la mahindi juu ya kompyuta sijalifuta, Deus asishtukie.

Jumapili Deus akitoka misani nitampa kiti. Aje na mashahidi. Acheke kwanza.