Mkwe Wangu Aliyechora Vyumba

Badjanani, Moroni
Jumatano, 14 Juni 2000

Mpendwa dada yangu Bahia,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepata nafuu, na unapanda ngazi za nyumba yako bila kumtukana fundi aliyezijenga. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na nimeanza na goti lako makusudi, nisikulize toka mstari wa kwanza.

Ayouba amefariki. Mume wa Oumaya, mkwe wangu yule mchoraji. Amefia kwao Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa maradhi yake ya sukari, dawa ilipomwishia. Tangu kisiwa chao kiwekewe vikwazo kwa ajili ya huko kujitenga, simu hazipiti na vyombo haviendi, kwa hiyo khabari imezunguka Majunga, huko Bukini, kwa mfanyabiashara mmoja na kutufikia siku ishirini na mbili baada ya maziko. Mwanangu alikuwa mjane na hajui. Katikati ya siku hizo alikwenda harusini Ikoni, kavaa dhahabu zake zote.

Kuna jambo katika kifo hiki ambalo Oumaya halijui, nami nataka kukwambia wewe kwanza. Lakini niache nimsifu marehemu kidogo, maana akiwa hai sikumsifu.

Unakumbuka nilivyomcheka alipoposa. Nilikuandikia kuwa mwanangu kapata mwanamume wa kuchora masufuria. Kumbe mjinga ni mimi. Alichora ndani ya nyumba tu: birika juu ya mkeka, kawa lililoegemezwa ukutani, shiromani la Oumaya la kujitandia kwenye msumari, mwanga wa saa tisa sakafuni. Hakumtia mtu hata mmoja. Lakini ukitazama unajua mwenye chumba katoka sasa hivi na kahawa yake bado ya moto. Mto wangu wa kitanda aliuchora pamoja na doa la mafuta ya nazi. Nikamwambia angalau angenifulia kwanza, akacheka akitazama chini. Picha hiyo siibadilishi kwa chochote, wallahi.

Zote alizichora kutoka mlangoni. Unajua mila, mkwe mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe wake, na Ayouba alikuwa na haya kuliko wote niliowaona. Mimi nikitoka, yeye husimama kizingitini na ubao wake, akachora kile kinachoonekana kutoka pale. Miaka tisa hakuvuka.

Sasa lile jambo lenyewe. Aprili ya mwaka jana vijana wa hapa walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wa Nzwani wawatoe mjini. Oumaya alikuwa kazini. Tuliwasikia wako uchochoro wa pili. Chumba changu ndicho pekee wasichothubutu kuingia, chumba cha mwanamke mtu mzima, na Ayouba alilijua hilo. Akaja akasimama kizingitini, viatu mkononi.

Alikuwa akingoja nimwambie karibu.

Nami nilikuwa na kanga moja, kichwa wazi, kitanda sijakitandika. Nikawaza watu watasema nini mkwe wangu akikutwa humu. Nilivuta kanga nikajifunika kichwa, nikakaa kimya. Akasema, "Samahani, mama." Akavaa viatu, akaufungua mwenyewe mlango wa barabarani, wasije wakaingia ndani kwetu. Siku ile ile wakampakia melini kwenda Mutsamudu, na hatukumwona tena.

Oumaya aliporudi nilimwambia kwamba nilimkaribisha mumewe, yeye akakataa kwa heshima. Nilisema uongo, Bahia. Sasa kila mgeni wa tanzia anasimuliwa habari hiyo, na mwanangu anaisimulia kwa fahari, na wageni wananishika mkono na kunisifu kwamba nilijaribu. Nimechoka kuupokea ule mkono.

Ijumaa tunasoma hitima. Wageni wakishaondoka nitamwambia kweli. Nyumba hii ni yake, nilimkabidhi siku ya harusi kama desturi ya huku, nami nimebaki na chumba kimoja kwa hisani yake. Akitaka niondoke ana haki, wala sitabishana naye. Basi usiniandikie maneno ya kunituliza. Niambie tu kama kwako ipo nafasi ya kulala.

Nisalimie shemeji Elarif, na Djaouharia na wanawe wote, hasa yule mdogo anayekataa kunyolewa. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na awajaalie nyote kusameheana mkiwa bado mnaonana.

Naishia hapa, Oumaya ananiita. Kanipikia uji kwa mkono wake, naye ndiye mwenye eda, kwa kuwa anaona siku hizi sili, na anadhani ni msiba tu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Chamsia